Mwanamke Aliyeitwa Dirishani

4 Machi

Mume wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua hii nimeianza mara nyingi kichwani nikiwa nakunja mashuka, na kila nikimaliza salamu, ama Kindi ananiita ama usingizi unaniita, na mimi siku hizi anayewahi kuniita ndiye ninayemwendea. Najua kwenye simu tunaongea. Lakini simu ni ya umekula, nimekula, mtoto anavuta waya wa chaji, mtandao unakata. Jambo lenye mizizi linataka karatasi. Halafu yule mshauri wako alisema barua zinasaidia, kwamba watu wa viza wanapenda kuona mke na mume wanaandikiana. Basi kama kuna afisa anayesoma hapa, karibu, ila tukifika kwenye mambo ya ndani ugeukie ukutani kidogo.

Hatujambo. Homa ya Kindi imepita na imemwachia meno mawili mapya, sasa anaficha kila kitu shavuni, juzi nimetoa kifungo cha shati. Jina la kindi tulimpatia kweli. Mama yako naye mzima. Magoti yanamsumbua, ulimi bado mchanga.

Nilikwenda kutoa alama za vidole kama walivyotuambia. Nilitoka zamu ya alfajiri pale dobi la hospitali nikaenda moja kwa moja, mvuke bado umo kwenye nywele, Kindi nimemfunga kifuani. Ukumbi wenyewe ni mweupe na baridi, viti vimeungana, feni inazunguka kama na yenyewe imetoka zamu. Mtoto akalala. Mimi nikawa pale katikati, si macho, si usingizi, naona watu wanapita kama mashuka kwenye kamba.

Nikasikia dirishani wanamwita mwanamke. Jina la kwanza kama langu, la mwisho la kwenu. Nikajiambia, kumbe kuna ndugu yake mume wangu naye anasafiri, nikageuka kumtafuta ili nimsalimie. Hakuna aliyesimama. Wakamwita tena, na tena. Nikamwonea huruma mwenzangu huyo: mtu afike mpaka hapa, aitwe, asiwepo. Wakaita wengine. Ukumbi ukapungua, jua likahama kutoka kiti hiki kwenda kile, nikabaki mimi na mfagiaji.

Nikaenda dirishani. Karani akasema wameniita mpaka koo limekauka. Nikamwambia mimi sijaitwa. Akageuza fomu nione, akaweka pasipoti yangu pembeni yake. Picha moja, majina mawili. Akayatazama muda, si kwa ubaya, akasema, "Dada, mmoja wenu hapa hayupo."

Vidole hakuchukua. Amenipa karatasi inayosema tueleze kabla ya mwisho wa Mei mwombaji ni nani hasa, na tulete uthibitisho. La sivyo, faili linafungwa na tunaanza mwanzo. Na kuanza mwanzo unajua maana yake, tutakuja kukutana Kindi akiwa anakwenda shule na anakuamkia kama mgeni.

Sijakasirika, usiisome kwa sauti ya hasira. Nimechoka tu, na uchovu na hasira huazimana nguo. Nataka kujua uliandika nini pale, na kwa nini.

Mchana ule nililala juu ya rundo la mashuka makavu, yana joto kama mkate, nikamwota. Alikuwa yuko huko kwako tayari. Amevua viatu mlangoni, na vilikuwa viatu vyangu.

Mkeo,
Mama Kindi


16 Machi

Mke wangu, Mama Kindi,

Barua yako nimeisomea kwenye behewa la daraja la kwanza. Usidhani nimepanda cheo, naliosha. Treni zikiingia karakana usiku wa abiria umekwisha, tunafuta vioo, tunakusanya magazeti na miavuli ya watu, na mabehewa yakishakuwa matupu yana ukimya ambao sijui nikuelezeje. Ni kama nyumba iliyoacha kwenda mahali. Hapo ndipo ninapokusoma.

Mpenzi, kosa hilo ni langu na si la ubaya. Mshauri aliniuliza jina la mke. Nikasema la kwanza, kisha kalamu ikaendelea yenyewe na kuandika la kwetu. Hapa karakana kila mtu mkewe anaitwa kwa jina la mumewe. Wanaulizana, "Bi. Fulani hajambo?" na fulani ni wewe mwenyewe unayejibu. Nikaona raha. Niliona kama nakuwekea kiti mezani kabla hujafika. Haikunijia kwamba ni jambo la kumuuliza mtu, kama usivyomuuliza mgeni iwapo anataka afunguliwe mlango. Hata kwenye sanduku la barua chini nimeshabandika, Bwana na Bibi.

Sasa sikiliza, dawa ipo na ni nyepesi. Nenda ofisi ya pasipoti na cheti cha ndoa, wakubadilishie jina. Mke wa fundi wetu wa breki alifanya hivyo, na sasa yuko hapa ananenepa. Ukibadilisha, karatasi zote zitasema neno moja, na mimi sitahitaji kuandika kwamba nilikosea. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mtu aliyekosea jina la mkewe mwenyewe, watamwonaje? Watasema huyu mke amemwokota kwenye makaratasi. Nimesikia ya watu waliokataliwa kwa madogo kuliko hayo.

Chumba nimekipata, kile nilichokwambia, cha ghorofa ya tatu. Mvua ya huku ni nyembamba kama uzi, inaanguka mchana kutwa bila kelele. Treni zikipita chini, glasi mezani inalia kidogo. Nikilala naona Kindi amesimama kitandani anazihesabu, ingawa najua hajui kuhesabu.

Fanya hima, mama. Ni safari moja tu ya ofisini.

Mumeo anayekutamani,
Baba Kindi


5 Aprili

Mume wangu,

Safari moja tu ya ofisini, ulisema. Nimekwenda.

Sikuwa nimekusudia ubishi. Niliomba ruhusa kwa msimamizi wa dobi, nikachukua cheti cha ndoa, ile nakala uliyoniachia, nikasimama kwenye foleni na mwanao mgongoni akimvuta nywele mzee wa mbele. Mama wa dirishani alikuwa mpole. Akaniambia inawezekana, kabisa, ila atataka cheti cha ndoa chenyewe, si nakala. Atataka hati ya kiapo. Kisha kitambulisho kibadilishwe kwanza, kwa sababu pasipoti inafuata kitambulisho. Kisha akatazama cheti cha kuzaliwa cha Kindi, ambapo mama yake nimeandikwa kwa jina la baba yangu, akasema na hicho nacho kitabidi kielezwe. Na kadi ya kliniki. Na cheti changu cha shule. Na pale kazini. Nikaona kama shuka kuukuu, unavuta uzi mmoja uliochomoza ili lionekane nadhifu, na uzi unakuja tu, unakuja tu, mpaka umeshika mkononi kitu ambacho si shuka tena.

Nikamuuliza, na ombi la viza lililokwishapelekwa? Akasema pasipoti mpya ina namba mpya, kwa hiyo huko nako mtawaandikia kuwaeleza. Umeona? Barua ya maelezo unayoikimbia imekaa kwenye njia zote mbili. Tofauti ni kwamba njia moja inapita juu yangu.

Nikatoka kwenye foleni. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na sikumbuki barabara hata moja niliyopita.

Mama yako alikuwa dirishani anashona kifungo kile alichotafuna Kindi. Nikamuuliza, Mama, ulipoolewa ulibadilisha jina? Akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamsimulia yote. Akacheka taratibu, sindano mdomoni, akanituma droo ya juu nimletee kitambulisho chake, akasema nikisome kwa sauti. Nikasoma. Mume wangu, mama yako ana jina la baba yake, kama alivyozaliwa.

Nikamwambia, "Na mwanao hajui?"

Akasema, "Atajuaje? Tangu apate ulimi ananiita Mama."

Akaendelea kushona. Akasema ameishi na baba yenu mpaka akamfunga macho kwa mkono wake, na mzee yule alidai mambo mengi katika nyumba hii, chai iwe ya moto, redio isiguswe, lakini jina hakudai. Kwamba yeye alikuwa mke wake hata usingizini, na hakuna aliyewahi kumtaka cheti cha usingizi.

Nilimpigia na baba yangu, maana nilijua ukinitaka ubishi utasema amenishikilia. Wala. Alisema yeye hana neno, ila jina ni kama sufuria la jirani, nikilirudisha nilioshe kwanza.

Sasa la kwangu, na hili nisikie vizuri. Tangu nimzae Kindi hakuna anayeniita jina langu. Mtaani Mama Kindi. Kazini Dada wa Mashuka. Mama yako, mwanangu. Wewe, mke wangu. Yote nayapenda, nayaitikia hata nikiwa nimelala. Lakini kuna msichana aliyeitwa kila asubuhi kwenye orodha ya darasa akajibu nipo. Ndiye uliyemkuta amekaa ngazini siku ya mvua, ukamuuliza anaitwa nani, na ukalirudia jina lake lote taratibu kana kwamba unalionja. Msichana huyo siku hizi anaishi ndani ya pasipoti peke yake. Siwezi kumwacha huku nije bila yeye.

Siku nikitaka kulivaa jina lako nitalivaa. Nitakuwa nimekaa hapo, nimeshiba, nimelala usingizi wa haki, na nitakwambia leo nalitaka. Haitakuwa kwa kuponya kosa la fomu.

Basi utaandika wewe. Uwaambie mkeo hajabadilisha jina na aliyekosea ni wewe. Hawatakutafuna. Mwezi wa tano hauko mbali.

Kindi amelala kwenye kapu la foronya ninapoandika. Mvuke unamzunguka, yuko kama kitu kinachokaribia kuota mabawa. Laiti ungemwona.

Mkeo


8 Aprili

Mke wangu,

Sijapata jibu lako. Kila nikirudi nafungua sanduku la barua, naona matangazo ya pizza na jina letu nililobandika, Bwana na Bibi, na Bibi mwenyewe kimya. Kwenye simu nikiuliza habari ya ofisini unanipa Kindi anipumulie masikioni.

Leo nilikuwa nimekaa kwenye behewa, fundi wa breki akaingia akanikuta sijagusa kioo hata kimoja. Akaniuliza nina nini. Nilimwambia nusu. Akasema mwanamke anayesitasita kwenye jina anasitasita kwenye mtu. Nilimtukana kidogo, akaenda zake. Lakini neno likabaki limekaa kiti cha mbele, linanitazama.

Basi nikuulize, na unijibu kama unavyojibu wewe, bila kuzunguka. Unataka kuja kweli? Kama umezoea maisha ya huko bila mimi, kama huku unakuona ni giza, niambie. Nitawaandikia wafunge faili, nirudi mimi, tuone tutakavyoishi. Nisichoweza ni kukusubiri mlangoni na wewe huko umekaa.

Jana niliota nimeosha treni nzima, nikafika behewa la mwisho, umekaa ndani. Nikakuita. Hukugeuka. Niliita vizuri tu, na hukugeuka.

Mumeo


22 Aprili

Mke wangu,

Yako ya tarehe tano ilifika wiki iliyopita. Kama ile yangu ya tarehe nane bado iko njiani, nakuomba usiifungue. Iweke jikoni uwashie moto.

Nilimpigia Mama mara nilipomaliza kusoma. Nikamwamkia, nikamuuliza, Mama, jina lako kamili ni nani? Akaniuliza kwani nafungua benki. Kisha akalisema. Nilikuwa nimesimama kwenye reli katikati ya mabehewa mawili, mtu mzima, baba wa mtoto, nalisikia jina la mama yangu kwa mara ya kwanza. Akacheka mpaka simu ikamdondoka, nikawa nasikiliza sakafu.

Nikaenda kwa mshauri siku ileile. Akasema, kumbe ni hilo tu, ungekuja tangu Machi. Watu wa viza, anasema, hawataki jina la mume. Wanataka jina lililo kwenye pasipoti, na mabadiliko mengine yangoje mpaka mtu afike. Alinipa mfano wa barua, sikuupenda, nikaandika yangu. Nimeandika: Mke wangu hajapata kubadilisha jina lake. Nililiandika langu bila kumuuliza. Mwanamke mnayemtafuta ni huyo aliye kwenye pasipoti, na hakuna mwingine.

Nikatia saini. Kisha nikaisoma kwa sauti ndani ya behewa tupu, kila kiti kinasikiliza. Ilipofika kwenye jina lako lote nililirudia taratibu. Ulisema kama ninalionja. Ni kweli. Nilikuwa nimesahau ladha.

Wamejibu kwamba maelezo wameyapokea, na kwamba ukitokea tena na karatasi kamili kabla ya mwisho wa Mei, watakuchukua vidole. Hawajasema ndiyo. Wamesema karatasi. Kwa hiyo niambie kila unachohitaji, kila kitu, nisije nikakisia tena.

Karatasi ya kwenye sanduku nimeibandua. Imeacha gundi. Nitaandika upya ukinielekeza.

Mumeo


6 Mei

Mume wangu,

Barua zina adabu ya foleni. Uliyoniambia nisiifungue ilifika kwanza, siku tatu kabla ya ile ya kunikataza. Niliisoma nimesimama kwenye mashine ya kukausha, mlango uko wazi, joto linanipiga usoni, na msimamizi akadhani nalia. Nilikuwa nalia.

Umeuliza kama nataka kuja kweli. Siku zile wewe unaliuliza swali hilo kiti cha mbele cha behewa, mimi nilikuwa namzoesha Kindi kulala bila kushika sikio langu, ili kwenye ndege asinililie. Nilikuwa nimemwambia msimamizi atafute mtu wa zamu ya alfajiri kuanzia Juni. Nilikuwa nimeshapatana na dada yako mkubwa ahamie kwa Mama, achukue chumba chetu, na mapazia nimwachie. Hayo hayakuwa kwenye simu kwa sababu kwenye simu tunaulizana kama tumekula. Na wewe ukamsikiliza fundi wa breki. Mwambie shemeji yangu huyo kwamba namsalimu, na kwamba nikifika nitahitaji kuongea naye, nimekaa na yeye amesimama.

Nataka. Nataka mpaka namwonea haya afisa anayesoma hapa. Nikiwa napiga mashuka pasi nakiona chumba chako, sijui rangi ya kuta kwa hiyo nazibadilisha kila siku, na glasi inalia mezani, na wewe umelala na viatu. Nimechoka kukupenda kwa makisio. Kusitasita kwenye jina si kusitasita kwenye mtu. Nilikuwa nahakikisha tu kwamba atakayeshuka kwenye ndege ni mimi, maana ukimpokea yule mwingine mtanisahau huku.

Tuache hayo. Nimepewa siku, tarehe ishirini na saba. Ninavyohitaji ni hivi, na usipunguze wala usiongeze. Orodha hii nakupigia picha leo hii kwenye simu, na wewe vitume kwa wasafirishaji wa haraka, si kwa posta.

Barua yako ya maelezo, yenyewe, yenye wino, maana uliyotuma kwao hawanipi. Kama huna nyingine andika tena. Cheti cha ndoa, kile halisi ulichobeba kwenye begi, si nakala. Kitie kwenye bahasha ngumu kisije kikakunjwa kwenye jina. Nakala ya kibali chako cha kuishi, mbele na nyuma. Mwaka jana ulinitumia mbele tu.

Barua ya kazini, ya mwezi huu, yenye muhuri. Mkataba wa chumba, na mwenye nyumba aandike watakaoishi humo ni nani. Mimi nimeshakwambia ninavyoitwa. Kindi ana jina lako, hilo halina ubishi, na mwandike kikamilifu, Kindi si jina la serikali.

Koti la mtoto. Akisimama anafika kwenye kitasa cha droo ya pili, ile uliyoitengeneza vibaya. Chukua linalozidi kidogo. Langu usinunue, nitachagua mwenyewe nikifika.

Picha za harusi, zile ulizoondoka nazo zote kama mwizi. Wanataka nne au tano. Wanasema nyuma ya kila picha iandikwe waliomo ni nani, kwa mkono wa mmoja wenu, na mkono wangu haupo huko. Andika polepole. Wewe jiandike unavyotaka. Mimi uniandike nilivyo.

Mkeo